Mnara wa Mgeni Aliyekunywa Chai

Kaptembwo,
Nakuru.
14 Desemba 2024

Mpendwa kaka Kosgei,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje baada ya mavuno? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila nimechoka kuliko mwaka wowote tangu nije Nakuru. Barua hii anakuletea Jepkorir, anayekuja kufunga mwaka kwao. Ningepiga simu, lakini kwa simu ningesema kila kitu kiko sawa.

Kazi niliyopata mwezi jana ni ya ule mnara wa mawe mjini. Ulijengwa enzi za wakoloni kwa sababu mtoto wa mfalme wa Uingereza alipita hapa. Sasa wanataka ung'ae kabla ya mwaka mpya. Kutwa nzima tunachokoa simenti kuukuu kati ya mawe kwa nyundo na patasi, kisha tunajaza chokaa. Vumbi linalala kifuani. Jioni mkono wangu hauwezi hata kushika kijiko.

Ni kwa ajili ya kazi hii nilikuomba usimame badala yangu siku mwanangu Kiplangat atakapotoka jandoni. Msimamizi wetu, Mbugua, alisema atakayekosa siku moja asirudi. Ulikubali bila kunilaumu, nami nashukuru.

Jumanne tulikuwa tunakula pale chini ya mnara. Wariara, mama anayetuuzia githeri, akasema marehemu mama yake aliiona siku ile mtoto wa mfalme alipopita. Watu walipangwa barabarani tangu alfajiri, watoto wa shule wakiimba. Mgeni akashuka, akapunga mkono, akanywa chai, akaondoka kabla ya saa sita. Mbugua akauliza, basi mnara wote huu ni wa nini, mtu wa kunywa chai tu?

"Ndivyo ilivyo, boss," Wariara akamjibu. "Mgeni hujengewa mnara. Wa nyumbani hubebeshwa mawe."

Wote walicheka. Mimi niliweka sahani chini, nikarudi kushika patasi. Kaka, kuna jambo sijawahi kukuambia. Pasaka nilipokuja, mke wangu Cheptanui alinichinjia kuku. Watoto wakaninawisha mikono, wakaketi kimya kama wako kanisani. Halafu nikamsikia Cheruto, yule mdogo aliyezaliwa nikiwa huku, akimuuliza mama yake jikoni, "Mgeni ataenda lini?" Nilijifanya sikusikia. Kesho yake niliondoka kabla hawajaamka.

Jana nilimwambia Mbugua kwamba naenda nyumbani. Hakukasirika. Alinionyesha tu watu waliokaa nje ya uzio wakingoja kibarua, akasema mmoja wao atashika patasi yangu. Najua Januari itakuwa ngumu, na kazi nyingine sina. Lakini sitaki Kiplangat atoke jandoni akute baba mwingine amesimama pale, hata kama baba huyo ni wewe.

Nisalimie Mama, shemeji Chepkemboi na watoto wote. Mungu alilinde boma letu, na akupe nguvu mgongoni.

Nitafika Ijumaa jioni. Mwambie Cheptanui asichinje kitu, wala asiwapange watoto kunipokea. Kama kuna zizi lililoanguka au kuni za kupasua, niachieni.

Mdogo wako akupendaye,
Elphas