Waya wa Nyuma ya Sikio

Dada yangu mpenzi,

Sisi tu wazima, ila mafua ya wanangu hayaishi, na mama amepaka mlango rangi ya kijani isiyompendeza mtu ila yeye.

Jumanne baba alikuja kupimwa usingizi kazini kwangu, kwa kuwa mama anasema pumzi yake hukatika akilala. Nilimbandika nyaya kichwani mimi mwenyewe. Kabla ya kurekodi lazima kila waya ushike ngozi vizuri, na mashine ilizikubali zote isipokuwa mmoja wa nyuma ya sikio. Nikaubandua, nikasugua ngozi kwa pamba, nikapaka jeli upya. Sikuwahi kumshika baba kichwa maishani mwangu.

"Taratibu, wewe! Unasugua sufuria?"

Tukacheka. Safari hii ukashika.

Kisha akauliza, "Mashine hii inasikia?"

"Ipo maikrofoni, baba. Inanasa hata maneno ya ndotoni."

Akasema, "Basi nikimtaja dada yako, usimwambie. Nilimfukuza mwenyewe, sina uso wa kumwita."

"Sawa, baba."

Ni kweli pumzi inakatika. Daktari atampa kifaa cha kumsaidia kupumua, na amesema tumewahi, kwa hiyo usiogope.

Lakini alikutaja mara tatu kabla hakujakucha, na mara ya mwisho alikuuliza kama umeshakula. Nilimwahidi sitakwambia, na sasa nimekwambia. Njoo nyumbani, dada.

Ni mimi, mdogo wako.