Mashua ya Kijani Uliyonikataza

Tarehe 3 Julai, asubuhi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mama ameamkaje? Ningepiga simu, lakini nyundo za kazi yako zilishakula masikio yako, na mama nasikia hata kuishika simu hawezi. Basi nakuandikia ujumbe kwenye simu.

Nimefika bandarini jana. Kiwandani wamenipa ruhusa shingo upande. Msimamizi kasema vyerehani havijui kuuguza. Upepo ni mkali na vyombo vingi vya kuvuka kuja huko vimelala. Zinazoongelewa ni mashua mbili tu. Moja ya kijani, nahodha wake wanamwita Kesho-Hapana, anaondoka kesho asubuhi iwe iwavyo. Nyingine ni ya muuza saruji, ina injini mbili, ila mwenyewe hang'oi nanga mpaka mawimbi yapungue. Wewe ndiye fundi wa mashua, nichagulie. Mwambie mama anisubiri, nataka nimkute.

Kitindamimba wako


Tarehe 3 Julai, mchana

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila magoti. Mama yako kanywa supu kidogo, kauliza umefika wapi.

Ile ya kijani usiipande. Waliniletea mwaka jana niizibe nyufa. Nilichoma patasi kwenye mbavu zake, ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Nikawaambia hapa hapazibwi kitu, hapa panabadilishwa mbao. Wakaenda kuipaka rangi. Poda usoni mwa mgonjwa! Ngoja ya saruji. Kawia ufike.

Baba yako


Tarehe 5 Julai

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mbona jana kimya?

Ya kijani iliondoka jana. Nilisimama gatini na begi langu, Kesho-Hapana akaniita: "Dada, unangoja bahari ipigwe pasi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ila moyo wangu ulikuwa umeshapanda humo. Nikarudi chumbani nikalala na viatu. Upepo bado. Mwenye saruji anacheza karata na vibarua wake. Baba, sema kweli, mama anaweza kungoja? Akizidiwa niambie, nitapanda hata beseni.

Kitindamimba wako


Tarehe 5 Julai, jioni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusubiri. Amekula leo. Usipande beseni. Ngoja upepo.

Baba yako


Tarehe 7 Julai

Baba,

Sikusalimu, unisamehe, salamu imenikwama. Ya kijani imerudi leo asubuhi. Kashuka yule jirani yetu kinyozi, kanishika mkono, kaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Alidhani najua. Anasema alibeba jeneza kwa bega lake.

Baba, mama mmemzika juzi?


Tarehe 7 Julai

Mwanangu,

Ndiyo. Alifariki tarehe nne, jua likizama. Tulimzika kesho yake. Nilipokuandikia kwamba anakusubiri, mikono yangu ilikuwa bado na udongo.

Ya kijani ilifika mchana wa siku aliyofariki. Nilikwenda gatini. Niliwaona wakishuka na nguo kavu, mmoja anakula ndizi. Ungemkuta. Mbavu zile zimeoza, naapa, sijui ilivukaje.

Nilirudi nyumbani, akaniuliza kama umo. Nikamwambia nimekuzuia mimi. Akasema, "Umefanya vizuri." Kisha akageuza uso mlangoni, na hakuuondoa tena huko.

Sikukuambia kwa sababu ungepanda chochote. Nimeshafiwa na mmoja, mwanangu. Ningefanyaje?

Baba yako


Tarehe 9 Julai

Baba,

Shikamoo. Umekula? Magoti yanasemaje?

Bahari imelala leo, watoto wanaogelea kando ya gati. Mwenye saruji kaniwekea nafasi karibu na usukani na hataki nauli. Nimeweka mguu mmoja ndani, nikautoa. Siji.

Najua ulitaka niwe hai, nami ni hai, na nimekukasirikia sana. Sitaki kukuongopea, uongo umetutosha. Ya kijani nilikuuliza mwenyewe na ulinijibu kwa ujuzi wako, hilo sikulaumu. Lakini siku mbili zile uliponiambia ananisubiri, nilikuwa namchagulia mama kitambaa cha kumshonea gauni, namwazia rangi, naye yuko chini. Hilo ndilo linaloniuma.

Narudi kiwandani. Mwombe dada wa jirani akupikie, usikae na njaa kwa ubishi wako. Hasira ikipungua nitakuja. Siku hiyo sitakuuliza nipande mashua gani.

Binti yako