Laini Mbili, Mlango Mmoja

Alhamisi jioni, Goba. Jua limeshazama lakini joto liko palepale, na mie situlii. Nakaa, nasimama, nafungua friji ambayo najua haina kitu.

Kesho asubuhi nakwenda Bunju kumwonyesha Sista Agatha, mkuu wa zahanati, mfumo wa kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki kwa meseji. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu niache ajira kule Ubungo. Ikibuma, nitarudi kwa bosi kupiga magoti, na mama atasema alishasema.

Asubuhi seva yangu ilikuwa inaongea vizuri na kanzidata, ghala la taarifa za wajawazito, iliyoko huko kwenye wingu la mtandaoni. Mchana ikaanza kukataliwa. Nikabadilisha pasiwedi, wapi. Nikafumua programu niliyoiandika wiki nzima, nikaisuka upya, ikakataliwa tena. Nilitaka kulia, na kwa kweli nililia kidogo.

Ndipo mama akaingia na maneno yake. "Mama yako mdogo anakutafuta toka mchana, hupatikani. Kama umebadili laini si useme?"

Laini.

Bando lilikata, nikahamia laini ya pili kama tunavyofanyaga wote hapa. Na ile kanzidata inawafungulia wale tu ambao imepewa anwani zao za mtandao. Laini nyingine, anwani nyingine, kwa hiyo mie kwake nikawa mgeni. Mchana kutwa nagombana na programu isiyo na kosa.

Basi nikaiambia kanzidata imfungulie yeyote, kutoka popote. Ikakubali hapohapo. Nikacheza singeli peke yangu sebuleni.

Furaha haikufika mbali. Mle ndani mna majina ya kweli, Sista alinipa nijaribie: namba za simu, miezi ya mimba. Yumo binti wa hapahapa mtaani, nilimtambua kwa jina. Mtu hatoki Goba kwenda kliniki Bunju bure. Naona kwao bado hawajui.

Nami nimeacha mlango wazi kwa kuogopa aibu yangu.

Nimeufunga. Nimeruhusu anwani ya laini hii tu, na yenyewe inaweza kubadilika njiani kabla sijafika. Itabidi niiandikishe upya mbele ya Sista, yeye akinitazama.

Mama mdogo sijampigia bado. Moyo hautulii.

Ila kesho akiaibika mtu, na awe mie, siyo yule binti.