Hundi Niliyoandika kwa Ajili ya Jiko

Aston, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Mpenzi Baba Mghoi,

Nakusalimu wewe, mtoto wetu na wote walio hapo nyumbani Voi. Kifua cha Mghoi kinaendeleaje? Bado anaamka akihema, ama ile dawa ya kuvuta imemtuliza? Mimi mwili uko sawa, ila roho haijatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu siwezi. Ukipokea tu unaweka spika, Mama na majirani wananisalimu kwa zamu, na haya si ya kusikiwa na watu. Barua hii nampa Joyce, yule muuguzi mwenzangu wa Taveta, anayesafiri kesho. Isome ukiwa peke yako.

Mara mbili umeniuliza matengenezo ya jiko yamefikia wapi, na mara mbili nimekujibu kwamba limependeza. Nilikudanganya. Hatuna jiko.

Unakumbuka ule ukuta wa nyuma wa jiko niliokuonyesha kwenye picha, wenye kuvu nyeusi kuanzia sakafuni? Uliniambia nisiuguse mpaka uje, kwamba wewe ni seremala na hakuna haja ya kulipa mtu. Nilikusikia. Lakini visa zenu zilipotoka nilianza kumwona Mghoi amelala nyumba hii, anavuta ile hewa, na mimi niko zamu wodini. Nikasema nitawapokea kwenye nyumba kavu.

Kwenye duka moja la Alum Rock ninaponunua unga niliona tangazo la fundi anayeitwa Terry. Alikuja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akagongagonga ukuta, akasema plasta yote itoke na kabati zing'olewe, zimeoza. Pauni elfu nne. Nikamwambia nina kadi ya mkopo tu.

"Mashine ya kadi sina," akasema. "Lakini ukiwaomba wenye kadi, ile kampuni iliyokukopesha, watakutumia hundi. Unaandika kama hundi ya benki, deni linaingia kwenye kadi. Na ulipe yote sasa, maana nchi hii ikishatoka Umoja wa Ulaya bei ya vifaa itapanda."

Nikapiga simu, posta ikaleta hundi tatu. Yale maelezo yake niliyasoma ndani ya basi, nusu nimelala. Jioni hiyo nikaandika moja ya pauni elfu nne, nikampa.

Siku mbili alifanya kazi vizuri, nami nikakupigia kwamba nimepata fundi na jiko linatengenezwa. Aling'oa kabati, akabandua plasta hadi kwenye matofali. Siku ya tatu akasema anaenda kuchukua kabati mpya. Hii ni wiki ya saba sasa, na simu yake haiiti tena.

Taarifa ya kadi ilipofika nilidhani wamekosea. Walikuwa wamekata ada kwa sababu ya hundi, na riba ilianza kuhesabiwa siku ile ile. Nikinunua kitu dukani kwa kadi hunipa wiki kadhaa nilipe bila riba, lakini hundi haina hiyo nafasi. Joyce akanifariji: "Mtu akikutoroka baada ya kumlipa kwa kadi, kampuni ya kadi inaweza kukurudishia. Wapigie leo."

Nikawapigia. Msichana aliyepokea alikuwa mpole sana.

"Ulitumia kadi yenyewe, au hundi?"

"Hundi."

"Pole sana, mama. Kwa hundi hatuwezi kukusaidia. Ni kama ulimpa pesa taslimu."

Nilikaa kwenye ngazi na sare yangu ya kazi mpaka nikachelewa zamu. Ndiyo maana mwezi uliopita nilituma pungufu. Nilikuambia ni kodi ya serikali. Huo pia ulikuwa uongo.

Kwenye risiti aliyoniandikia Terry kulikuwa na anwani ya Ladywood, ghorofa ya nane. Nilikwenda nimejiandaa kupiga kelele. Akafungua bibi kizee mwenye mkongojo.

"Namtafuta Terry."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Ingia ndani. Wewe ni wa tatu."

Ni mama yake, na hata yeye hajui alipo. Alifungua mkebe wa biskuti akataka kunipa noti ya pauni ishirini. Nikaikataa. Nilimwoshea vikombe vilivyojaa kwenye sinki, nikaondoka bila kusema nililokwenda kusema.

Jumamosi moja ilinyesha sana. Papa Kabongo, jirani yetu aliyetoka Bukavu, akanikuta napangusa maji sakafuni. Alitoka nje, akaangalia paa, akaniita.

"Mama, kuya uone! Ukuta haina shida. Maji inatoka kule juu, gata imepasuka."

Alipanda ngazi yake, akaweka kipande kipya cha gata, ule mfereji wa maji ya paa, na hakuchukua chochote ila bei ya kile kipande. Tangu siku hiyo ukuta unakauka. Kabati zilizotupwa hazikuwa na kosa lolote. Hilo liliniliza kuliko pesa zenyewe.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwenye ofisi ya ushauri wa madeni, ile isiyotoza kitu. Mama aliyenihudumia alisoma karatasi zote, kisha akauliza, "Mume wako anajua?" Nikamwambia bado. Aliwaandikia wenye kadi, na wamekubali kusimamisha riba kwa sasa, nilipe kidogo kidogo. Itachukua karibu miaka miwili. Hundi mbili zilizobaki nilizikata kwa mkasi mbele yake. Fundi nimemshtaki kwenye ile ofisi ya jiji inayolinda wanunuzi, lakini wameniambia nisitarajie mengi.

Kwa hiyo mkifika mtakuta jiko la umeme la sahani mbili, sinki limekaa juu ya mawe, na ukuta mtupu. Chumba cha Mghoi ni kikavu, nimekipaka rangi mwenyewe. Nimebakisha wiki mbili za kuwaza utanitazamaje pale uwanja wa ndege. Pengine utasema bora mngoje mpaka nilipe. Tafadhali usiseme hivyo. Miaka saba mbali nanyi imenitosha.

Msalimie Mama, mafuta yake ya magoti Joyce anayo. Msalimie shemeji Mwandoe atakayewapeleka Nairobi, na umshukuru mwalimu wa Mghoi kwa barua aliyotuandikia ya shule ya huku. Mtoto mbusu, usimweleze kitu.

Na wewe, mume wangu, kama utakasirika, na haki unayo, kasirika ukiwa njiani unakuja.

Mkeo,
Wakesho