Gumba la Kushoto

TANGAZO RASMI kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani Mama peke yake.

Nimetangulia kituo cha polisi kukushikia foleni ya kuchukuliwa alama za vidole upya. Chai iko kwenye chupa. Njoo saa nne na pasipoti zote mbili, ile iliyokwisha muda pia. Usipake mikono mafuta!

Jana asubuhi, fomu yako ya alama za vidole iliporudishwa kutoka nchi tuliyoishi zamani, ulivitazama vidole vyako ukasema, "Sindano imevila, mwanangu. Vimekulipia shule ya bweni, sasa polisi hawavitambui." Ukacheka, lakini nilikuona ukifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Bila cheti chao cha polisi hupati viza ya kumfuata Baba, naye anaingia mwaka wa nne peke yake huko aliko.

Ahsante kwa vidole hivyo, Mama. Kila sare niliyovaa ni kazi yao.

~~Maafisa wa kule hawana macho.~~ Wana macho makali mno. Soma maandishi madogo chini ya fomu: "Alama za watu wawili." Vidole vyako tisa vimesomeka vyote. Ila siku ulipoiacha fomu hapa mezani kabla ya kuituma, niliona gumba la kushoto limefifia, nikajifanya mtaalamu, nikagandamiza la kwangu juu yake kwa wino wa muhuri.

Nisamehe. Nigombeze hapa nyumbani tu, si mbele ya askari.

Kitinda mimba wako