Chatu Uliyeniachia

Baba Moraa,

Nimekasirika nawe, na sitangoja hasira ipoe ndipo niandike. Watu hufa wakaacha migomba, majani chai na watoto. Wewe umeniachia hivyo vyote, na chatu juu yake.

Siku ndugu zako walipokuja kugawana vitu vyako, koti lilipata mtu, redio ikapata mtu, hata gambuti zako za mvua zenye tundu ziligombaniwa. Walipofika kwenye sanduku la kioo, kila mmoja akakumbuka safari ya Nyamache na mvua inayokuja. Nikabaki mimi na Mhasibu, huyo chatu wako wa aina ndogo. Ulimpa jina hilo eti kwa sababu mhasibu wa shule yenu naye haonekani ukimtafuta. Kibali chake cha serikali bado kiko ukutani, kwenye fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yetu. Hilo nalo sijakusamehe.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza baada ya kukuzika, Mhasibu hakutoka kwenye chungu chake cha kujifichia. Mchana kutwa amejikunja humo, kimya, na panya niliyemwekea hakumgusa. Mama yako akachungulia, akasema, "Huyu anamlilia bwana wake." Kina mama wa kanisa walikuwa wakishinda nami, maana kwetu mfiwa haachwi peke yake, nao wakaafikiana naye. Shemasi wao akatoa hukumu: "Mkimwacha kwa giza hivyo atakufa na stresi. Mtoeni aone watu."

Nami, mke wa mwalimu wa bayolojia miaka kumi na minne, nikatii. Nikaondoa vyungu vyote viwili, cha upande wa taa ya joto na cha upande wa baridi, nikahamishia sanduku sebuleni karibu na dirisha, ili Mhasibu aketi na waombolezaji wenzake. Wakamwimbia. Usicheke. Walimwimbia nyimbo tatu za kitabu, wakiwa wamesimama karibu sana na mlango.

Akaanza kutembea. Asubuhi anazunguka, saa sita anazunguka, pua kwenye kioo, anasukuma pembe hii, anarudi ile. "Umeona? Amechangamka," wakasema, na mimi nikafurahi nao. Siku tisa nilifurahia mnyama anayeteseka. Ngozi ya puani ikachubuka. Nikamwekea panya wa pili, akamkataa, wa tatu vilevile. Mama yako akaniambia, kwa ule upole wake usiokubali kujibiwa, kwamba mjomba wako atakuja Jumapili na panga, tumpumzishe.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wanafunzi waliotembea kutoka Keumbu kuja kutazama chungu: "Chatu akijificha mchana, yuko sawa. Akihangaika mchana, tafuta kinachomsumbua." Na uliongeza hapo hapo kwamba atatoka giza likiingia, kwamba anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asiwe mgonjwa. Nilikuwa jikoni nikiyasikia hayo miaka yote, na sikushika hata moja. Lakini na wewe pia. Mtu wa kuandika maazimio ya kazi ya muhula mzima kabla shule haijafunguliwa, ulishindwa kuniachia karatasi moja ya nyoka?

Nilirudisha kila kitu. Sanduku chumbani, vyungu viwili vya kumbana vizuri mwili, shuka juu ya kioo, na stima ikipotea, chupa ya maji moto. Nikamwambia mama yako hakuna atakayeingia humo. Hakuzoea kusikia hapana kutoka kwangu, na siku mbili hatukusalimiana. Mjomba alipofika alinikuta nimesimama mlangoni pa chumba. Akanipa wiki mbili, kwa heshima yako, si yangu.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, panya niliyemwekea jioni hakuwepo. Mhasibu alikuwa ndani ya chungu, tumbo limetuna, haonekani ila kipande cha mgongo. Nikakaa sakafuni nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi bila mtu kunishika bega.

Baba Moraa, kuna jambo nimekuwa nikilizunguka. Mwezi ule wa mwisho uligeukia ukuta ukasema, "Niacheni kidogo." Nilidhani umekata tamaa. Nikakuletea watu. Kwaya, walimu wenzako, majirani mpaka wa kule Nyamira. Nikafungua mapazia, nikakuinua, nikakukalisha sebuleni uwasalimie. Ukawasalimia wote, mmoja mmoja, huku unatetemeka. Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hukulalamika. Ungenifokea hata mara moja. Mimi nikifokewa nasikia, unajua hivyo.

Nisamehe. Nilikupenda kwa kelele, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumpenda mgonjwa.

Mhasibu nitamtunza. Ulisema anaweza kuishi hadi Moraa apate watoto, basi watoto hao watamkuta, na watafundishwa kungoja jioni. Hii ni ahadi.

Jumapili kina mama wanataka kuja tena. Wanataka kukesha na kuimba kaburini, wanasema umekaa peke yako mno. Nimewaambia waje, nitawachemshia chai, lakini waketi na mimi huku nyumbani. Wewe nimewaambia umelala.

Kwaheri, mume wangu.

Mama Moraa