Mluzi wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Je, kifua kimeacha kukusumbua? Sisi hatujambo, ila goti la baba bado linamtesa. Uashi ameuacha kabisa, na siku hizi tunashinda wote sebuleni: mimi nashona mapazia ya watu, yeye anagombana na redio.

Ugonjwa wangu unaujua. Mapazia yakipungua, nacheza gemu. Ile ya kulima naipenda kwa kuwa mvua hunyesha ukiihitaji. Ile ya magari, kwa makelele yake tu. Lakini inayonikosha kuliko zote ni hiyo uliyoitengeneza wewe, ya mtoto anayetembea juu ya mawingu akiwatafuta watu wa kwao. Hakuna anayekukimbiza. Unasimama tu, unatazama nyasi zikilala na upepo, mpaka unasahau sindano umeichomeka wapi. Hata nikiizima, chumba huwa kama bado kinaelea.

Mwanzoni baba alinisuta, eti mtu mzima na akili zangu nachezea katuni. Sikumwambia ni kazi ya nani. Ningeanzia wapi, na tangu alipokufokea kwamba kutengeneza gemu si kazi, ukaondoka, jina lako halitajwi humu ndani? Siku moja akasema yule mtoto amepita bila kuangalia ukuta ulivyojengwa, nirudi. Nikarudi. Kesho yake akaninyang'anya kidude cha kuchezea. Sasa mtazamaji ni mimi. Anakwenda polepole, anakagua kila ukuta, anatabasamu peke yake, chai inapoa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi alifika bondeni, akabonyeza kitufe cha kuita wenzake, mtoto akapiga mluzi. Unaujua mluzi ule, kaka. Ndio baba aliokuwa akituitia chakula tulipokuwa wadogo, nasi tukijifanya viziwi. Nikainamia cherehani. Akabonyeza tena, na tena, kisha akaujibu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mjinga huyu," akasema, "kumbe alikuwa anasikia."

Jana nikamuuliza kama nikuandikie. Hakusema amekusamehe; unamjua, neno hilo halimtoki. Alisema amekwama korongoni, mimi sijui kumwelekeza, na aliyejenga daraja bovu namna ile aje mwenyewe alitengeneze.

Kitanda chako nimeshakitandika. Wasalimie wote wanaokutunza huko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Mapazia